Riwaya, Mashairi, Maungamo au Tafakari za Kila Siku: Usome Kipi Ukitaka Kujitafakari?

Mtu akiuliza asome nini ili ajitafakari na kuijenga roho yake, kwa kawaida hujibiwa kwa majina ya vitabu. Anayejibu hutaja kile kilichomgusa yeye. Muulizaji anakitafuta, anakisoma hadi ukurasa wa thelathini, kisha kinalala kando ya kitanda hadi kisahaulike. Mara nyingi kitabu hakina kosa, na msomaji naye hana kosa. Kilichokosewa ni aina ya kitabu. Aliyefiwa amepewa kitabu cha hoja, mwenye shaka amepewa kitabu cha ahadi, na aliyechoka na mahubiri amepewa mahubiri mengine yenye jalada zuri.

Ndiyo maana hapa nalinganisha tanzu, yaani aina za maandishi. Vitabu nitakavyovitaja ni vya kuonyesha tu jinsi kila utanzu unavyofanya kazi ndani ya msomaji.

Kipimo nitakachotumia ni cha zamani. Mwaka 1521 askari mmoja wa Kibaski, Ignatius wa Loyola, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga katika mapigano ya Pamplona. Akiwa amelazwa nyumbani kwa miezi, aliomba aletewe hadithi za mashujaa wa farasi na upanga, alizokuwa akizipenda. Hazikuwepo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha masimulizi ya watakatifu. Basi akawa anashinda akiwaza, mara ushujaa na mwanamke wa kifahari aliyetaka kumtumikia, mara hao watakatifu. Mawazo yote mawili yalimfurahisha yalipokuwa yakiendelea. Tofauti ilikuja baadaye: yale ya kwanza yalimwacha mkavu, haya ya pili yalimwacha na utulivu uliodumu. Akajifunza kutazama hali anayobaki nayo mtu baada ya wazo kupita, badala ya utamu wake wakati likipita.

Wapo wanaokichukua kisa hiki kama ushahidi kwamba hadithi za kubuni ni chakula duni na vitabu vya dini ndivyo lishe. Sioni hivyo. Agostino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Mroma Cicero kilichohimiza falsafa, kazi ya mpagani isiyomtaja Kristo hata mara moja, na kwamba kitabu hicho ndicho kilichozigeuza sala zake. Rafu ya dukani haijui ni kitabu kipi cha kiroho. Anayejua ni msomaji, tena siku mbili tatu baada ya kukifunga.

Tafakari za kila siku, au maandiko yenyewe?

Kitabu cha tafakari za kila siku kinajulikana kwa umbo lake: tarehe juu, mstari mmoja wa maandiko, kisa kifupi, sala ya kumalizia. Dakika tano zinatosha. Kinakuondolea kazi ya kuamua leo usome nini, na kwa asiyekuwa na desturi ya kusoma hilo si jambo dogo. Mzazi wa mtoto mchanga, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mwanafunzi aliye katikati ya mitihani, hawa tusiwaaibishe kwa kuwataka wasome sura tatu kila alfajiri.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, kazi ya kutafakari imeshafanywa na mtu mwingine, wewe unakabidhiwa matokeo. Pili, mstari umeng'olewa ulikoota. Chukua Yeremia 29:11, ule wa Mungu kuwawazia watu wake mawazo ya amani na kuwapa tumaini. Unapendwa mno, na ukisomwa peke yake unasikika kama ahadi kwamba mambo yatanyooka hivi karibuni. Isome sura nzima. Ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mistari michache kabla ya ahadi hiyo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, kwa kuwa itapita miaka 70 kabla ya kurejeshwa. Watu wazima wengi walioisikia barua ile walijua kwamba watazikwa ugenini. Ahadi ni ileile, ila sasa inamfundisha mtu kuishi vizuri mahali asipopataka. Ukurasa mmoja wa tafakari hauwezi kukufikisha huko, hata mwandishi wake awe hodari namna gani, kwa sababu hauna nafasi.

Maandiko yenyewe yanadai zaidi. Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliieleza kazi hiyo kama ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Wengi wetu tunasoma, tunaruka vidato viwili vya katikati, halafu tunalalamika kwamba hatusikii kitu. Dawa ni kupunguza: kifungu kimoja kwa juma zima, badala ya vifungu saba.

Tena maandiko yana tanzu ndani yake, na kila moja inataka mkao wake. Sura ya Yusuf katika Kurani ina aya 111 na inashika kisa kimoja tangu ndoto ya utotoni hadi kuungana tena kwa familia, tofauti na visa vya mitume wengine vilivyogawanywa katika sura nyingi. Hiyo isomwe kwa kikao kimoja, maana ukiikatakata unapoteza namna subira inavyolipwa polepole. Methali ni kinyume chake: moja kwa siku inatosha, kumi zinafutana. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila faraja yoyote. Sidhani inaingia kirahisi katika vitabu vya tafakari za kila siku, lakini kuna siku ndiyo pekee inayosema kweli.

Kama huna desturi yoyote, anza na kitabu cha tafakari bila haya. Ikishajengeka, kitumie kwa namna nyingine: soma mstari wa siku, funga kitabu, fungua sura nzima ulikotoka, na urudi kwa maelezo ya mwandishi mwishoni, ukiwa tayari una lako la kumwambia.

Kitabu cha hoja, au shajara?

Njia ya haki ya kulinganisha tanzu ni kumtafuta mwandishi mmoja aliyelishika jambo lilelile mara mbili kwa mikono tofauti. C. S. Lewis, mwandishi Mkristo, ni mmoja wao. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha hoja juu ya maumivu: ikiwa Mungu ni mwema na ana uwezo wote, mbona viumbe wake wanateseka? Ni kitabu kilichotulia. Kinafafanua maneno, kinajibu pingamizi, kinasonga hatua kwa hatua. Mwaka 1960 mkewe, Joy, akafa kwa saratani. Lewis akaanza kuandika madaftarini yaliyokuwa yakimpita moyoni, na mwaka uliofuata maandishi hayo yakachapishwa kwa jina la kubuni, N. W. Clerk. Humo mtu yuleyule anamlalamikia Mungu kama aliyefungiwa mlango, anasema jambo na kulikana kurasa chache mbele, anaogopa kusahau sura ya marehemu. Hoja za 1940 hajazifuta, ila hazimsaidii usiku.

Yupi asome kipi? Mwenye swali linalomsumbua akilini, ambaye anataka kujua kama imani yake inaweza kusimama mbele ya watu wanaofikiri, asome kitabu cha hoja. Shajara itamwacha na njaa. Aliyefiwa asome shajara, na kitabu cha hoja akiweke kwa mwaka mmoja hivi. Kosa linalofanyika mno, tena kwa nia njema, ni kumpelekea mfiwa kitabu cha hoja.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, anaonyesha tofauti hiyohiyo kwa upande mwingine. Ihya, kazi yake kubwa, ni mkusanyiko wa vitabu 40, unaoanza na elimu na kuishia na kifo na yanayofuata, ukipitia ibada, kula, ndoa, kazi, hasira na husuda. Ni mwongozo wa kuishi, nao husomwa kwa miaka. Lakini aliandika pia kitabu kidogo cha kusimulia safari yake mwenyewe: jinsi mwaka 1095 akiwa mwalimu mashuhuri Baghdad ulimi ulimkataa, akashindwa kufundisha, chakula kikawa hakipiti, akaacha cheo na kuondoka. Anayesoma mwongozo peke yake anaweza kudhani mwalimu wake alizaliwa akiwa amekamilika. Ningeshauri kile kidogo kitangulie.

Maungamo, au riwaya?

Hapa ndipo nionapo ubishi wenye maana zaidi, na wa kuupima ni Leo Tolstoy, mwandishi wa riwaya wa Urusi. Alipokaribia miaka 50 alikuwa na jina, ardhi, mke, watoto na afya. Swali moja likamshika lisimwachie: yote haya ya nini, ikiwa mwisho ni kifo? Katika maungamo yake anaeleza jinsi alivyoficha kamba asije akajinyonga, akaacha kwenda kuwinda na bunduki, akatafuta jibu kwa wanasayansi na wanafalsafa, mwishowe akawatazama wakulima maskini waliojua kuishi na kufa bila papara. Miaka michache baadaye, mwaka 1886, akatoa hadithi juu ya ofisa wa mahakama aitwaye Ivan Ilyich, mtu mwenye maisha ya heshima na ya kupendeza, anayejigonga ubavu akitundika mapazia ya nyumba yake mpya na kuanza kufa taratibu. Swali ni lilelile la maungamo, ila linaingilia mlango mwingine.

Maungamo yanakuja na jina la mwenyewe. Anasema: hili lilinipata mimi. Nguvu yake ni ushahidi. Mwenye shaka anapogundua kwamba mtu mwenye akili kumshinda alikwama palepale na akatoka, anapata hewa. Udhaifu nao uko hapohapo: unaweza kumwonea huruma Tolstoy, ukakubaliana naye ukurasa kwa ukurasa, kisha ukakifunga kitabu ukisema ni mambo yake. Kuna pia kishawishi cha kuiga njia ya mtu badala ya kujifunza kwake. Si kila anayetafuta maana anatakiwa kwenda kuishi kama mkulima.

Hadithi haikuulizi kama unakubali. Ile ya Ivan Ilyich inaanza kwa wenzake wa kazini wakipata habari za kifo chake, na kabla ya kusikitika kila mmoja ameshapiga hesabu ni nani atapandishwa cheo. Unawadharau. Unaendelea, na kurasa chache mbele unakumbuka msiba wa karibuni uliokaa ukiangalia saa. Hukuhubiriwa na mtu. Hukumu umeitoa mwenyewe, tena kabla hujajua kwamba kesi ni yako.

Nabii Nathani alilijua hilo. Alipotumwa kwa Daudi, aliyemchukua mke wa Uria na kusababisha Uria auawe, hakuanza na mashtaka. Alimletea mfalme kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Mashtaka ya moja kwa moja yangekuta utetezi umeshapangwa, kwa maana wafalme hawakosi utetezi. Wala wacha Mungu wa siku nyingi. Kwa hiyo kwa mtu aliyekulia katika dini, anayejua kila mstari na kila jibu, ningemshauri riwaya nzuri kabla ya kitabu kingine cha dini. Riwaya itampata mahali ambapo aya aliyoizoea haimpati tena.

Lakini riwaya ina madai yake. Ni ndefu. Inaweza kugeuka maficho, mtu akasoma ishirini kwa mwaka asibadilike kitu. Haikwambii ufanye nini, na anayetaka maagizo itamkera. Tena baadhi zinakuacha gizani kwa makusudi. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, inamfuata Kazimoto, msomi anayetafunwa na maswali juu ya maana ya maisha, na mwisho wake anajitoa uhai. Sijui riwaya nyingi za Kiswahili zinazoyakabili maswali hayo bila kuyalainisha kama ile. Msomaji aliye imara itamwamsha. Anayepita katika kukata tamaa hivi sasa asianze nayo, wala asianze na kitabu chochote. Kwanza atafute mtu wa kuzungumza naye.

Ukichagua maungamo, jihadhari na mazoea ya kuyasoma kama kisa tu. Ya Agostino, yaliyoandikwa karibu na mwaka 400, yana vitabu 13, na maisha yake yanaishia cha tisa. Msomaji anaruhusiwa kuishia hapo. Hata hivyo cha kumi, anapoingia ndani ya kumbukumbu yake na kuikagua, ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote kwa anayejitafakari, kwa sababu hakisimulii alichofanya Agostino bali kinaonyesha namna ya kujichunguza.

Mashairi, au maneno ya hekima?

Vyote viwili ni vifupi na husomwa polepole, ila havifanyi kazi moja. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma mwaka 161 hadi 180, aliandika kwa Kigiriki maneno ya kujikumbusha, baadhi yake akiwa vitani, bila dalili kwamba alitaka wengine wayasome. Anajisemesha kama mtu anayejiandaa kwa siku ngumu: leo utakutana na wasumbufu, usishangae. Kitabu chake cha kwanza ni orodha ya watu aliojifunza kwao na kila mmoja alimfundisha nini. Kama utakopa jambo moja tu kutoka kwa wanafalsafa wote, kopa hiyo orodha, andika ya kwako. Maneno ya hekima yanafaa unapokuwa na uamuzi wa kufanya au hasira ya kutuliza. Hayafai kwa huzuni. Yana ubaridi fulani.

Shairi halikupangi, linakutikisa. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea kwa kudanganyika na dunia, kisha anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale wa pwani, yalivyokuwa makao ya popo na ndege. Angeweza kusema kwa sentensi moja kwamba mali hupita. Kila mtu analijua hilo na halimzuii kitu. Lakini ukumbi ule uliokuwa na taa na sasa una popo, ukishauona, hautoki. Mwanakupona naye, katika utenzi wake wa 1858, anamsemesha bintiye akiwa mgonjwa. Msomaji wa leo huenda akabishana na mengi anayousia juu ya mke na mume, na abishane tu. Sauti ya mzazi anayejua kwamba muda wake umebaki mdogo inabaki na nguvu hata katikati ya ubishi.

Ushairi una sharti moja ambalo tanzu nyingine hazina: usomwe kwa sauti. Vina na mizani ni mlango wa maana yenyewe, na ubeti ulioupenda unahifadhika kwa urahisi, ukakufuata hadi kwenye foleni na kitandani. Riwaya huwezi kuibeba kichwani. Pia ushairi unavumilia maombolezo. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi akimsemesha mwenyewe, na aliyefiwa akilisoma haoni mtu anayemshauri apone haraka.

Vitabu vya hamasa

Hivi havinihitaji maneno mengi. Vinasaidia kuamka mapema, kuweka akiba, kupanga siku. Vikipimwa kwa kipimo cha Ignatius, vingi vinakupa msisimko wa siku mbili na njaa ya kingine. Kama umesoma vitano na unatafuta cha sita, tatizo lako limeshaondoka katika eneo la vitabu hivi.

Ukiwa hivi, anza na hiki

Kwa aliyefiwa: mashairi ya maombolezo na zaburi za kilio, kisha shajara. Riwaya isubiri, umakini wa kurasa mia tatu haupo. Mwenye shaka: maungamo, au kitabu cha Ayubu na Mhubiri akitaka kubaki ndani ya maandiko, na kitabu cha hoja kikifuata nyuma. Aliyepoa, anayesali kwa mazoea tu: riwaya au hadithi fupi. Mwenye uamuzi mgumu mbele yake: maneno ya hekima, methali, na wasifu wa mtu aliyewahi kuamua jambo zito, mradi wasifu huo uwe umeandikwa na asiyemwabudu. Asiye na muda kabisa: kitabu cha tafakari za kila siku, au ubeti mmoja. Mwenye kuanza kufurahia sana uchaji wake mwenyewe: hadithi, tena ichaguliwe na mwingine.

Mimi ningesoma viwili kwa pamoja, kimoja kifupi cha asubuhi na kimoja kirefu cha jioni, vya tanzu tofauti na ikiwezekana vyenye mitazamo isiyopatana. Zaburi asubuhi na riwaya ya mtu asiyeamini jioni ni jozi nzuri kuliko zaburi na kitabu cha maelezo ya zaburi. Wapo wanaoogopa mchanganyiko huo, na kwa aliyeingia katika imani juzi hofu hiyo ina msingi. Na aanze na kimoja.

Ukisoma na wenzako, mambo yanageuka kidogo. Hadithi fupi na mashairi yanafaa sana kikundini, kwa kuwa kila mtu anaweza kusema la kwake kupitia mhusika bila kujianika. Maungamo na shajara huwaacha watu ama kimya, ama wakishindana kuungama. Hivyo visome peke yako, na daftari pembeni. Andika usomapo, ila usiandike ulichokubaliana nacho. Andika mahali ulipokasirika, na tarehe, kisha urudie ukurasa huo baada ya mwezi.